Jogoo Anasingiziwa: Hesabu ya Uzazi wa Kuku Mpemba

Kuku akishuka kiotani na vifaranga wake huku mayai matano yamebaki nyuma, mshitakiwa wa kwanza katika nyumba nyingi za Mpemba, mkoani Songwe, ni jogoo. Atasemwa amezeeka, hana mbegu, anang'ang'ania matetea wawili na wengine anawaacha. Mwisho wa juma anauzwa Tunduma, na nafasi yake inachukuliwa na mwingine mkubwa zaidi na wa bei zaidi. Msimu unaofuata mayai yanabaki tena. Ninachoshikilia katika uchambuzi huu ni kwamba, katika uzazi wa kuku wetu, jogoo ana deni dogo. Deni kubwa liko kwingine, na muda wote tunaomkazia macho yeye tunaliacha likue.

Tuanze na tarakimu. Mwalusanya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walichunguza kuku wa kienyeji katika vijiji vya mkoa wa Morogoro, wakachapisha matokeo yao mwaka 2002. Waliona kuwa mtetea hutaga karibu mayai 12 kwa mzao mmoja, kwamba kati ya mayai 100 yanayoatamiwa karibu 84 huanguliwa, na kwamba kati ya vifaranga 100 ni karibu 60 tu wanaofika wiki ya 10. Zigeuze namba hizo ziwe kiota kimoja: mayai 12, vifaranga 10, kuku sita. Mayai mawili yamepotea ndani ya siku 21 za kuatamiwa, na vifaranga wanne wamepotea katika wiki 10 za kukimbia uani. Morogoro si Songwe. Nyanda zetu ni za juu na baridi yake ni nyingine. Hata hivyo mfugaji yeyote wa Mpemba mwenye daftari na kalamu anaweza kujipima kwa kipimo hicho, na akigundua kuwa anapoteza wengi zaidi uani kuliko kiotani, basi kubadilisha jogoo hakumfikishi popote.

Kumwelewa jogoo kunahitaji kwanza kumwelewa mtetea. Yeye ana ovari moja inayofanya kazi, ya kushoto. Ya kulia hudumaa tangu akiwa ndani ya yai. Kiini kikikomaa hudondoka na kupokewa na mdomo wa mrija wa uzazi, na hapo, kwa muda wa kama dakika 15 tu, ndipo mbegu ya jogoo inaweza kukutana nacho. Baada ya hapo kiini huvishwa ute kwa saa tatu hivi, huvishwa ngozi mbili nyembamba kwa saa moja na ushee, kisha hukaa kwenye sehemu ya kutengeneza ganda kwa karibu saa 20. Safari nzima huchukua saa 24 hadi 26, ndiyo maana mtetea anayetaga kila siku huchelewa kidogo kila kukicha, mpaka siku moja aruke. Yai linapotoka likiwa bado la moto, kiinitete chake kina umri wa karibu siku nzima na kimeshagawanyika kuwa maelfu ya chembe. Yai la mbegu tunalolishika mkononi lina uhai ambao umeanza na umesimama kwa muda, ukisubiri joto.

Jambo lililo muhimu zaidi kwa mfugaji limefichika ndani zaidi. Karibu na mwisho wa mrija wa uzazi, mtetea ana vijimfuko vidogo sana vinavyohifadhi mbegu za jogoo zikiwa hai. Akipandwa mara moja, mayai yake huanza kuwa na mbegu kuanzia siku ya pili, huwa mazuri kwa wiki moja hadi siku 10, na mengine huendelea kurutubishwa hadi wiki ya pili, hata ya tatu. Kwa hiyo si lazima jogoo amfikie kila mtetea kila siku, na jogoo mmoja mwenye afya anatosha matetea wanane hadi 10 wanaozurura. Kwa sababu hiyohiyo, ukileta jogoo mpya leo, vifaranga wa wiki mbili tatu za mwanzo wanaweza kuwa bado wa yule uliyemuuza. Mfugaji anayetaka kujua kwa hakika damu ya vifaranga wake asubiri wiki tatu ndipo akusanye mayai ya kuatamisha.

Wapo wanaoongeza majogoo wakidhani mbegu itaongezeka. Matokeo yake ni vita, matetea waliochunwa manyoya mgongoni, na chakula cha bure. Isitoshe mtetea mwenyewe ana hiari yake katika jambo hili: Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walionyesha kwenye jarida la Nature mwaka 2000 kwamba akipandwa kwa nguvu na jogoo wa cheo cha chini, mtetea huitoa mbegu hiyo nje muda huohuo. Na jinsia ya kifaranga inaamuliwa na mtetea, kwa kuwa viini vyake ndivyo vya aina mbili. Anayechagua mayai marefu yenye ncha akitarajia majogoo anapoteza muda wake.

Je, jogoo hana kosa kabisa? Analo, ila ni la aina nyingine na si lile la uzee analotuhumiwa. Kosa lake kubwa ni kukaa. Jogoo akibaki uani miaka mitatu anawapanda binti zake, na kifaranga wa baba na binti anakuwa na robo nzima ya urithi wake iliyojirudia. Kasoro zilizokuwa zimejificha hujitokeza, na nyingi hujitokeza ndani ya ganda: kiinitete huanza vizuri, kikafa. Mwenye kuku anaona yai viza na kusema jogoo hana mbegu, wakati mbegu ilikuwepo na ilifanya kazi. Kilichoharibika ni undugu. Dawa yake ni rahisi na haihitaji jogoo wa bei mbaya. Majirani wawili wasiochangia damu ya kuku wabadilishane majogoo kila mwaka. Mpemba ina bahati ya njia panda: barabara ya lami ya kwenda Isongole inaachana hapa na barabara kuu ya kutoka Mbeya kwenda Tunduma, kwa hiyo jogoo wa Ileje au wa Vwawa hayuko mbali. Atengwe wiki mbili kwanza kabla ya kuingia bandani, kwa kuwa gunia linalomleta jogoo linaweza kuleta na ugonjwa.

Kosa la pili ni la ukubwa. Jogoo mzito wa kisasa akiwekwa na matetea wadogo wa kienyeji anawaumiza, wanamkimbia, na yeye mwenyewe miguu ikimzidi uzito hapandi vizuri. Dunia imeshaliona hili kwa bata mzinga wa biashara. Walichaguliwa vizazi kwa vizazi ili kifua kiwe kinene, mpaka leo dume lake haliwezi kumpanda jike, na ufugaji wake wote unategemea uhimilishaji kwa mkono. Marekani inaweza kubeba gharama hiyo. Nyumba ya Mpemba haiwezi.

Kabla ya kuhukumu, kuna ushahidi ambao tunautupa jalalani kila msimu. Siku ya saba ya kuatamia, subiri giza liingie, mwinue mtetea taratibu, chukua yai na uweke tochi ya simu kwenye upande wake butu. Yai lenye uhai litakuonyesha doa jeusi katikati na mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lisilo na mbegu litang'aa lote rangi ya chungwa hafifu, bila mshipa. Lililoanza likafa litakuwa na duara la damu, mshipa mmoja uliojikunja peke yake ukutani. Kisha siku ya 22 au ya 23, yale yaliyobaki yavunje moja moja nje ya nyumba, ukiziba pua ikibidi. Ukikuta kiini safi kisicho na chochote, hapo ndipo jogoo anaweza kuitwa. Ukikuta kiinitete kidogo cha siku tatu nne, tafuta kosa kwenye namna mayai yalivyohifadhiwa au kusafirishwa kabla ya kuatamiwa. Vifo vya katikati, wiki ya pili, mara nyingi huelekeza kwenye lishe ya mama. Kifaranga aliyekamilika, mwenye manyoya, mdomo umeelekea kwenye kifuko cha hewa lakini hakutoka, anazungumzia joto na unyevu wa siku za mwisho. Kazi hii ni ya nusu saa, na inaokoa bei ya jogoo.

Nadhani mayai mengi ya Mpemba huharibika kabla hata ya kuwekwa chini ya kuku. Anayetaka kuatamisha mayai 30 hukusanya kwa wiki mbili, mengine ya bandani kwake, mengine ya dukani, mengine yameletwa na bodaboda kutoka vijiji vya ndani. Yai la kuatamisha linafaa zaidi likiwa halijazidi siku saba, likihifadhiwa mahali pa ubaridi wa wastani, kama nyuzi 13 hadi 18, upande wenye ncha ukiwa chini. Kiinitete husimama joto likishuka chini ya nyuzi 20 na kitu. Jikoni karibu na figa, mchana kinaamka na usiku kinalala, siku baada ya siku, mpaka kinachoka na kufa. Baridi ya Juni na Julai katika nyanda hizi ina mchango wake pia, hasa usiku mayai yakiachwa kwenye veranda. Na yai lililopigwa na barabara ya vumbi huvurugika kifuko chake cha hewa. Linatakiwa lipumzishwe siku nzima kabla ya kuwekwa kwa kuku au kwenye mashine. Mayai yasioshwe. Kuna utando mwembamba juu ya ganda unaozuia vijidudu, na maji na kitambaa vinauondoa.

Mashine za kutotoleshea zimeleta swali jipya. Zinahitaji joto la nyuzi 37.5 na ushee bila kuyumba, mayai kugeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, na unyevu unaopandishwa siku tatu za mwisho. Umeme ukikatika saa sita usiku wa Julai, mwenye mashine anakesha akiifunika mablanketi. Kimo nacho kinadai chake. Tuko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, oksijeni ni haba kidogo na maji yanatoka haraka zaidi kwenye vitundu vya ganda. Yai linatakiwa lipungue takriban asilimia 12 ya uzito wake hadi siku ya 18. Yai la gramu 50 libaki kama gramu 44. Ukiwa na mzani mdogo wa dukani unaweza kujua kama mashine yako inayakausha mayai, na ukaongeza maji kwenye trei mapema badala ya kulaumu mbegu. Mayai yaliyotagwa na kuku wa ukanda wa chini ndiyo yanayoathirika zaidi yakiletwa huku. Kuku aliyezoea kimo hutaga mayai yenye ganda linalobana maji vizuri zaidi.

Hitaji hilo la mashine ndilo linalonitofautisha na wanaohubiri kuku chotara bila kikomo. Kuroiler aliyetoka India na Sasso wa Ufaransa walijaribiwa nchini kupitia mradi ulioongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, kwa kushirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, na walikua haraka na kutaga mara mbili tatu ya kienyeji. Sina ubishi na hilo. Leo vifaranga wa Sasso wanaototoleshwa Ihemi, mkoani Iringa, wanapanda basi na kufika Tunduma wakiwa hai. Lakini kuku hawa kwa kawaida hawaatamii. Utagaji mwingi na kuatamia vinagombana ndani ya mwili mmoja: homoni inayomfanya mtetea akae kiotani ndiyo inayousimamisha utagaji, na wazalishaji wamewachuja kwa vizazi wale wanaokaa. Anayechanganya damu hiyo na kuku wake wa kienyeji anapata mayai mengi kwa kizazi kimoja, na pengine anapoteza akina mama. Kizazi cha tatu atajikuta na kuku wanaotaga na kwenda zao, hana mashine, na vifaranga lazima anunue.

Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, ilitangulia katika jambo hili. Kwa miongo kadhaa serikali yake ilisambaza vijijini kuku wa Black Australorp kutoka kituo cha Mikolongwe, ikitumaini damu yao ingewainua kuku wa kienyeji, lakini hadi leo kuku wengi wa vijiji vya Malawi ni walewale wa asili. Kuku anayejilinda na mwewe, anayelala mtini, anayeatamia na kulea ndiye aliyebaki hai.

Kununua vifaranga nako kuna hatari yake katika mji wa mpakani. Tangu homa ya mafua ya ndege ilipotikisa dunia katikati ya miaka ya 2000, Tanzania imezuia vifaranga na mayai ya kutotolesha kutoka nje bila kibali, na mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliovushwa kutoka Kenya waliteketezwa kwa moto Namanga. Nilisikitika kama wengi walivyosikitika, lakini mfugaji wa Tunduma anayetazama bei za upande wa Nakonde, Zambia, ajue sheria hiyo ipo na mali yake inaweza kuishia hapo.

Basi mtetea wa kienyeji, yule ambaye watafiti wa Sokoine walimtambua katika makundi kadhaa, likiwemo moja linaloitwa Mbeya kwa jina la nyanda zetu hizi, bado ndiye mashine ya uhakika kuliko zote kwa nyumba yenye kuku 10 au 20. Udhaifu wake ni muda. Anataga wiki mbili hivi, anaatamia tatu, kisha anatembea na vifaranga miezi miwili hadi mitatu bila kutaga. Ndiyo maana mwaka wake unaishia kwenye mizao mitatu minne. Anayewatenga vifaranga wakiwa na wiki mbili hadi nne na kuwalea mwenyewe anamrudisha mama kwenye utagaji mapema na anaweza kupata mzao mmoja au miwili zaidi, bila kubadilisha mbegu yoyote. Njia nyingine wanayoijua vizuri akina mama wengi ni kuwaanzisha matetea watatu kuatamia siku moja, kisha vifaranga wote wakakabidhiwa kwa wawili na wa tatu akaachwa arudi kutaga. Bata wa kienyeji naye huatamia mayai ya kuku kwa uvumilivu mkubwa, maana mayai yake mwenyewe huchukua siku 35.

Ila malezi ya mkono hapa nyandani hayana mchezo. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na usiku wa Juni hauna hata nusu yake. Wengi hutumia mkaa kwenye chungu, njia ambayo inafaa kama mkaa umewashwa nje mpaka ukaiva na chumba kina tundu la hewa juu. Mkaa mbichi ndani ya chumba kilichozibwa unaua vifaranga wote kwa usiku mmoja, na hewa yake haina harufu ya kumwamsha mwenye nyumba, ambaye yeye mwenyewe yuko hatarini.

Lishe nitaigusa kwa kifupi, kwa kuwa hapa tuna kila kitu. Mahindi meupe yanajaza tumbo lakini hayana vitamini A. Majani mabichi yanayo, na mchicha uliokomaa hauuzwi na mtu. Dagaa na mashudu ya alizeti yanajazia protini. Tahadhari kubwa ni mahindi yaliyoota kuvu. Yale yasiyofaa kwa ugali hutupiwa kuku, na sumu yake hupunguza utagaji na kuua viinitete. Mahindi ya namna hiyo yafukiwe.

Msimu una nguvu kuliko jogoo yeyote. Karibu na nyuzi tisa kusini ya Ikweta mchana haurefuki wala kufupika sana, kwa hiyo mwanga hauwaamulii kuku wetu lini watage. Chakula ndicho kinachoamua. Mavuno ya mahindi yakianza Mei hadi Julai, punje zimetapakaa kila ua, na matetea wanataga. Vifaranga wa mayai hayo wanakua Agosti na Septemba, na hapo hapo, joto na upepo wa kiangazi vinapoanza, ugonjwa wa mdondo hupita. Unafagia ua mzima kwa wiki moja, vifaranga na wakubwa. Hata mtetea anayepona huweza kubaki na mrija wa uzazi ulioharibika, akataga mayai yenye ganda laini au yaliyopinda ambayo hayafai kuatamiwa. Wale vifaranga wanne waliopotea katika hesabu ya mwanzo, mwewe na kicheche wana sehemu yao, baridi ina sehemu yake, na mwaka mbaya mdondo huchukua wote waliobaki.

Chanjo ya mdondo ipo, na imetengenezwa kwa ajili ya mazingira kama yetu. Ya I-2, inayotokana na utafiti wa Australia na kuzalishwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huko Kibaha, inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida na hutolewa tone moja tu jichoni, kwa kifaranga na kwa jogoo vilevile, kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kikwazo kwa mwenye kuku saba ni kwamba chupa moja ina dozi za kuku wengi na ikishafunguliwa haidumu. Kwa hiyo nawaomba majirani wa kila mtaa wa Mpemba wachange chupa moja, wakubaliane siku moja ya Julai, wawafungie kuku asubuhi kabla hawajatawanyika na kumwita afisa mifugo wa kata asimamie. Fedha iliyotengwa kununua jogoo mpya inatosha kuanzia mchango huo.